Mi na mitambo: kwa nini greda ni namba moja kwangu

Watu wakishajua kwamba napenda mitambo ya ujenzi swali huwa ni lilelile, haya tuambie dude gani kubwa kuliko yote duniani. Ngoja nilijibu mapema tuendelee na mengine. Ujerumani kuna mashine ya kuchimba makaa ya mawe inaitwa Bagger 288, ilikamilika 1978, uzito wake tani 13,500, mbele ina gurudumu kubwa la kuchimbia lenye ndoo kulizunguka lote, na mwaka 2001 waliitembeza yenyewe kwa minyororo yake kilomita kama 22 kutoka mgodi mmoja kwenda mwingine, ikavuka barabara kuu, ikavuka reli, ikavuka mto. Ni mojawapo ya mashine kubwa kabisa zinazotembea nchi kavu. Nimeangalia video zake mpaka usiku wa manane na nitaziangalia tena. Ila ukiniambia chagua mtambo mmoja ukae kivulini siku nzima uuangalie ukipiga kazi, sichagui hilo, nachagua greda. Greda la kawaida kabisa, la njano, lile linalopita kijijini kwenu mvua zikishakatika.

Na leo nataka nieleze kwa nini, maana watu wengi wanaiona mitambo kama nguvu tu, linaguruma linasukuma udongo basi imeisha, wakati mi kadiri miaka inavyokwenda ninachokiona zaidi ni udongo wenyewe. Udongo ndo bosi. Opereta anayejua kuusoma anafanya maajabu na mtambo mkuukuu, asiyejua hata umpe mashine ya mwaka huu itoke moja kwa moja bandarini atakuachia barabara inayokusanya maji.

Nimekulia Kongwa, mkoa wa Dodoma, na mjomba wangu, mdogo wake mama, alikua opereta wa greda serikalini. Kuanzia mwezi wa tano hivi, mvua zikishaisha na barabara ya vumbi ya kwenda Mpwapwa imeshachimbika makorongo, greda linatoka yadi linakuja kuirudisha. Tulikua tunalisikia kabla hatujaliona. Wenzangu walikua wanakimbia nyuma yake kwa sababu ya vumbi na kelele, mi nilikua nakimbia kando, upande ambao udongo unatokea, kwa sababu nilikua siwezi kuacha kuangalia ule udongo unavyojiviringisha kwenye bledi, lile bamba refu la chuma linalokwangua, unatembea kutoka mwisho mmoja kwenda mwingine halafu unamwagika pembeni tuta limenyooka kabisa, kilomita nzima, kama limepigwa rula. Nilikua mdogo lakini nakumbuka nilikua najiuliza yule mtu mule ndani anajuaje.

Sasa hapo ndo penyewe. Greda aliloendesha mjomba lilikua Caterpillar 140G, wale wazee wa mitambo wakisikia hiyo namba wanatabasamu. Bledi ya futi 12, karibu mita 3 na sentimita 66. Haikai mbele kama ya katapila, inakaa katikati, chini ya tumbo la mtambo, imening'inia kwenye duara kubwa la chuma lenye meno ambalo ndo linaizungusha. Na kukaa katikati ndo siri yote ya greda. Tairi la mbele likipanda juu ya kituta cha sentimita 10, bledi kwa kua iko katikati inapanda nusu yake tu hivi, halafu nyuma matairi yako mawili mawili kila upande kwenye boriti inayochezacheza, kwa hiyo hata nyuma napo likipanda moja jingine linabaki chini, kile kituta kinapunguzwa tena. Ndo maana greda likipita mara ya kwanza linapunguza, la pili linapunguza zaidi, la tatu barabara imetulia. Katapila haliwezi hiyo, katapila likipanda kituta bledi yake ya mbele inapanda nacho na likishuka inajichomeka chini, ukimpa opereta asiye mzoefu katapila asawazishe uwanja atakutengenezea mawimbi.

Halafu kuna yale matairi ya mbele yanayolala upande. Nimewahi kukaa na mtu kwenye basi akaniambia oneni lile greda limevunjika ekseli. Halijavunjika! Bledi inakaa mshazari ili udongo utiririke kwenda pembeni, na udongo nao unaisukuma bledi, kwa hiyo pua ya greda inataka kuchepuka, opereta analaza matairi kuelekea upande wa pili ili yang'ang'anie ardhi na mtambo uende mstari ulionyooka. Unapoliona greda limelala matairi jua mle ndani kuna mtu anapiga hesabu.

Na hesabu ni nyingi aisee. Barabara ya udongo haitakiwi iwe tambarare, inatakiwa iwe na mgongo, katikati juu na pembeni chini, kila mita moja ushuke sentimita 4 mpaka 6, ili maji yakinyesha yasikae, yakimbilie mtaroni. Ukiipiga tambarare ikapendeza kwa macho watu watakusifia wiki moja, mvua ya kwanza maji yanakaa, magari yanayakanyaga, mashimo yanaanza, mwezi wa pili hamna barabara. Vile vituta vidogo vidogo vinavyotetemesha gari mpaka dashibodi inalia navyo vina kanuni yake. Vinatokana na matairi yenyewe yakidundadunda kwenye changarawe kavu kwa spidi, na ukija na greda ukavifukia tu kwa juu vitarudi palepale baada ya siku chache kwa sababu chini msingi wa kile kituta bado uko. Inabidi uchane mpaka chini ya bonde la mwisho, udongo wote uutoe, uuchanganye, ndo uurudishe. Mjomba alikua anasema wanaofukia juujuu wanapaka poda.

Jioni likirudi kambini alikua ananipakia. Ndani ya 140G kuna usukani katikati na vijiti vimejipanga kushoto na kulia, kimoja kinapandisha ncha ya kushoto ya bledi, kingine ya kulia, kingine kinazungusha duara, kingine kinailaza bledi mbele au nyuma, kingine kinaisogeza pembeni, kingine cha matairi kulala, kingine cha kuukunja mtambo kiunoni. Mikono miwili, vijiti vyote hivyo, na usukani juu yake. Hakua anaviangalia. Alikua anaangalia ncha ya bledi kwa chini na muda mwingine haangalii kitu, nikamuuliza unajuaje mjomba akanijibu mama, greda unalisikia kwa makalio. Nilidhani anatania. Baadaye sana nimeongea na maopereta wengine watu wazima, wa mikoa tofauti kabisa, wamenijibu hivyohivyo, kwamba kiti ndo kinakuambia kama umeinama, mlio wa injini ndo unakuambia kama umekata kina kirefu mno, na mtetemo wa bledi unakuambia umefika kwenye jiwe kabla hujalivunja jino.

Alinifundisha pia kuupima udongo kwa mkono. Unachota, unaufinya, ukishika kama tonge na usiache maji kiganjani ndo saa yake, ukimomonyoka ni mkavu leteni bozi la maji, ukigandia vidoleni acheni mpaka kesho. Nilivyokuja kusoma baadaye nikakuta mhandisi mmoja wa Los Angeles, Ralph Proctor, aliliandika jambo hilihili mwaka 1933 kwa namba na grafu, kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambacho ukiushindilia hapo unakamata kuliko popote, unyevu ukipungua udongo haukamati, ukizidi haukamati, na maabara za barabara mpaka leo wanapima kwa jina lake. Nilifurahi siku ile sijui niseme nini. Mjomba ambaye hakumaliza la saba alikua anafanya Proctor kwa kiganja.

Na udongo tofauti unataka shindilia tofauti, yaani ule mtambo wa ngoma nzito ya chuma unaokandamiza udongo, hili nalo watu hawalijui. Lile lenye ngoma laini linalotetemeka ni la changarawe na mchanga, mtetemo unafanya punje zijipange. Kwenye udongo wa mfinyanzi mtetemo hausaidii sana, unatakiwa ukande, ndo maana kuna shindilia lenye miguu ya chuma imejaa kwenye ngoma. Hilo linaanza kushindilia chini na kupanda juu, mwanzoni miguu inazama yote, kadiri udongo unavyokaza linaanza kupanda, mwisho linatembea juu ya ncha za miguu, na ukiona hivyo tabaka limeiva.

Sasa kwetu Kongwa tuna historia ambayo mpenzi yeyote wa mitambo anatakiwa aijue. Baada ya vita kuu ya pili Waingereza walikua na njaa ya mafuta ya kupikia, wakaamua Tanganyika ilime karanga, na sio shamba, ni eneo la ekari zaidi ya milioni 3, Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wakaanza na Kongwa mwaka 1947. Lengo la mwaka wa kwanza ekari 150,000. Mitambo waliitoa wapi? Mabaki ya vita, makatapila na matrekta ya jeshi yaliyokua yametelekezwa, mengine yametoka mpaka Ufilipino, yameshachoka na kutu. Mpaka vifaru vya Sherman vilichukuliwa kiwanda cha Vickers kikavigeuza kua matrekta, vikaitwa Shervick. Fikiria kifaru kinang'oa vichaka Kongwa.

Na nguvu ilikuwepo, tusidanganyane. Walifunga mnyororo wa nanga ya meli kati ya makatapila mawili wakawa wanaburuza msitu mzima unalala. Lakini waliokaa London wakipanga hawakuuliza udongo. Udongo wetu ni mwekundu, wa mfinyanzi, mvua ikinyesha unateleza huwezi kupita na ikikatika unakauka mpaka sululu inadunda. Na ndani yake kuna chembe za mawe magumu ya kwatzi zinazosaga chuma, majembe ya trekta yakawa yanaliwa kila kukicha. Mibuyu nayo, wenyeji wanajua mbuyu hausukumwi hivihivi, mti una tumbo pana na ndani mara nyingi kuna nyuki, opereta anaugonga nyuki wanamvamia wote. Mafuriko yakabeba reli. Mwisho wa kiangazi cha mwaka uleule wa 1947 theluthi mbili ya matrekta yaliyoletwa yalikua hayafanyi kazi. Spea hamna, mafundi wachache, na maopereta wamefundishwa haraka haraka kuendesha lakini sio kuutunza mtambo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ikaufuta mradi, zaidi ya pauni milioni 35 zimekwenda.

Bibi alikua akiitaja "enzi za karanga" kama watu wengine wanavyotaja enzi za mkoloni, ni kipindi kizima cha maisha. Na mi sijawahi kuichukulia ile hadithi kama kichekesho, wengi wanaisimulia hivyo na inaniuma kidogo. Kulikua na watu pale, Wagogo na wengine kutoka kila kona ya Tanganyika, walijifunza welding, walijifunza injini za dizeli, walijifunza kuendesha katapila katika mazingira magumu kuliko yoyote, na mafundi wa namna hiyo ndo baadaye walibeba mitambo ya nchi hii. Kilichoanguka ni mpango wa watu waliodhani ukiwa na farasi elfu za injini huna haja ya kujua ardhi unayoikanyaga.

Ajabu ni kwamba katapila lenyewe lilizaliwa kwa sababu ya mtu kuuheshimu udongo. Benjamin Holt alikua Stockton, California, mashamba ya kule yako kwenye udongo mweusi laini wa tope, matrekta ya mvuke yalikua mazito yanazama, watu wakawa wanaongeza upana wa magurudumu mpaka yanakua mapana kuliko trekta lenyewe na bado yanazama. Novemba 1904 akayatoa magurudumu ya nyuma akaweka mikanda ya minyororo yenye mbao, uzito ukatandazwa kwenye eneo kubwa, trekta likapita juu ya tope. Mwaka 1925 kampuni yake ikaungana na ya mshindani wake Best, ndo ikawa Caterpillar. Na ile rangi ya njano imekuja baadaye, mwishoni mwa 1931, kabla ya hapo yalikua ya kijivu, wakabadilisha ili mashine za barabarani zionekane kwa mbali.

Mtu akiniambia katapila ni la kubomoa tu huwa namuonyesha Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere lile tuta kubwa, lenye urefu wa mita 1,025 na kimo cha mita 131, sio zege la kumwaga lile tulilozoea kwenye nguzo za nyumba. Ni zege kavu, halitiririki, linaletwa, katapila linalisambaza tabaka la sentimita 30 hivi, halafu shindilia la mtetemo linapita juu yake kama linavyopita barabarani, na kabla tabaka halijakauka vizuri jingine liwe limeshafika juu ili yashikane. Yaani lile bwawa limejengwa kama barabara inayopanda kwenda juu, tabaka kwa tabaka, usiku na mchana. Wengi wanaangalia zile mashine 9 za umeme za megawati 235 kila moja, jumla 2,115, na ni sawa waziangalie, umeme ndo tunautumia. Mi nilikua napozisha video nahesabu mashindilia. Desemba 22, 2022 walivyoanza kujaza maji nililia, mume wangu shahidi.

Kijiko nakipenda pia, nisije nikaonekana mbaguzi. Kijiko ni mkono. Kijiti cha kushoto kinazungusha nyumba ya mtambo na kupeleka mkono mbele au kuurudisha, cha kulia kinapandisha na kushusha bumu, lile pande kubwa linalobeba mkono, na kukunja ndoo, na opereta aliyeiva anavichanganya vyote vinne kwa wakati mmoja mpaka huoni tena kama ni mwendo nne tofauti. Kuna mitambo mingine, hasa ya zamani, bumu liko kushoto na mkono uko kulia, na mtu aliyezoea mfumo mmoja ukimpandisha kwenye mwingine bila kumwambia ni hatari kweli, mikono imeshakariri, anataka kuinua bumu kinachosogea ni mkono. Muulize kwanza opereta wako kabla hajashika.

Desemba 2023 tope liliposhuka kutoka mlima Hanang likafunika nyumba za watu Katesh na vijiji vya jirani, nilikaa mbele ya TV siku nzima. Watu walikua wanalalamika mbona vijiko vinakwenda taratibu. Jamani, kijiko kinapofanya kazi mahali ambapo huenda kuna binadamu chini hakichoti, kinaparua. Ndoo inakuja tabaka jembamba, mtu wa ishara amesimama anaangalia kila inapopita, akiona nguo, akiona godoro, anainua mkono mtambo unasimama na watu wanaingia na majembe na mikono mitupu. Opereta wa tani 20 anafanya kazi ya sentimita. Sijui walilalaje usiku wale maopereta, nimewaombea mara nyingi.

Nguvu ya kijiko inatoka kwenye mafuta, na hapa ndo penye kazi yangu ya kila siku kwa sababu mi ni mwalimu wa fizikia. Kanuni ya Pascal kitabuni ina mistari miwili mikavu, ukibonyeza kimiminika kilichofungiwa, presha inafika kila mahali sawasawa. Darasani nachukua mabomba mawili ya sindano, dogo na kubwa, nayaunganisha na mrija wa drip, naweka maji, nampa mwanafunzi mdogo kuliko wote abonyeze lile dogo na mwenye nguvu kuliko wote azuie lile kubwa. Mdogo anashinda. Baada ya hapo darasa ni langu. Halafu tunapiga hesabu ya kijiko cha tani 20. Presha ya mafuta mle ndani inafika bar 350, wakati tairi la gari dogo ni bar 2 na kidogo. Silinda ya bumu ina kipenyo cha sentimita 12, eneo lake sentimita za mraba 113, kila sentimita inasukumwa na kama kilo 350, piga, karibu tani 40. Silinda moja. Na bumu linainuliwa na mbili. Huwa naacha ile namba ubaoni nakaa kimya wanaiangalia.

Na huwa nawaambia jambo jingine ambalo ningependa kila mtu anayepita karibu na mitambo alijue. Hosipaipu ya haidroliki ikitoboka katundu kadogo, usipitishe mkono kutafuta panapovuja. Kamwe. Mafuta yanayotoka kwenye katundu ka sindano kwa presha ile yanaingia kwenye ngozi, unaweza usisikie hata maumivu makubwa, unaona kadoa tu unafuta unaendelea na kazi, na ndani nyama inaoza. Tumia kipande cha boksi au ubao kupitisha pale, na ikimtokea mtu hata kama kidonda ni kama hakipo apelekwe hospitali saa hiyohiyo, aseme ni mafuta ya haidroliki, daktari ajue. Mafundi wa gereji wengi wanajua kuunga hosi lakini hili hawajawahi kuambiwa.

Kuhusu swali la kwamba mwanamke na makatapila wapi na wapi, nimelisikia tangu shule ya msingi. Nilivyokua naunda magreda ya waya na visoda wasichana wenzangu waliniona wa ajabu na wavulana walikua wanakuja kuniomba niwatengenezee bledi inayozunguka. Sasa hivi ukienda kwenye miradi mikubwa unakutana na kina dada juu ya mashindilia, juu ya vijiko, na wasimamizi wengi nilioongea nao wanawapenda kwa sababu mitambo yao inakaa muda mrefu. Mtambo wa minyororo, mafundi wanakadiria kama nusu ya gharama za matengenezo inaliwa na chini kule, minyororo, rola na sproketi, na kinachoviua ni mwendo wa kasi usio na sababu, kukata kona kwa ghafla na kuacha tope likaukie usiku. Anayesafisha minyororo jioni na kupiga grisi kila pini asubuhi kabla hajawasha anaokoa hela nyingi kuliko anayejua kuchota haraka.

Mjomba amestaafu, ila hajaacha. Juzi kati alikuja kunisalimia na huku ninakoishi kuna mkandarasi anatengeneza barabara, tukaenda kuangalia. Greda lao ni lile lisilo na usukani. Caterpillar walianza hiyo mwaka 2007 na mfululizo wa M, wameondoa usukani na ule msitu wa vijiti, vimebaki viwili tu, kushoto na kulia, kila kimoja kinacheza pande zote na vitufe juu yake. Opereta ni kijana, alimwamkia mjomba shikamoo mzee akamkaribisha apande. Mjomba alikaa mle muda mrefu, akashika kile kijiti cha kushoto, akakiachia, akakishika tena. Alivyoshuka tukabishana njia nzima. Mi nasema ni bora, mabega hayaumi, mtu anafanya kazi mpaka uzeeni, na ukiweka na setilaiti bledi inajishikia kimo yenyewe. Yeye anasema mikono imepumzika sawa lakini kijana alikua anaangalia skrini wakati tuta limeshaanza kumwagikia ndani ya mtaro. Na kweli lilikua linamwagikia, nililiona. Lakini nimemwambia pia kwamba yule kijana alisimama, akashuka, akachota udongo akaufinya kabla hajarudia, na hakuna skrini iliyomwambia afanye hivyo. Mjomba hakunijibu, akaniuliza tu kama mkandarasi anaajiri.

Mkandarasi nimeshaongea naye, amekubali nilete wanafunzi wangu mwezi ujao, masharti yake buti, kofia ngumu, kizibao cha kung'aa, na hakuna anayesogea nyuma ya mtambo wowote bila opereta kumuona usoni. Mjomba atakuja kuwaeleza mgongo wa barabara. Na kama kuna mtu ana picha za magreda au makatapila ya zamani ya Kongwa, Urambo au Nachingwea, hata kama ni mabati tu yaliyobaki porini, naomba anitumie, nataka niwaonyeshe siku hiyo.